Helmeti ya Michango

Jumapili, uwanja wa Jamhuri, saa tatu na nusu.
Pikipiki zimeegeshwa safu kwa safu,
matangi yaking'aa kama sufuria za harusi.
Mutheu wangu anazihesabu kwa kidole,
anafika arobaini na tatu, anapotea, anaanza upya.

Mama amekaa kando, kwenye hema la chai,
mkoba mapajani, amezipa injini mgongo.
Tangu asubuhi ile ya Barabara ya Jogoo
hajalitamka neno pikipiki.
Husema: kidude kile.

Kaka Kyalo anachechemea kati ya magurudumu,
mguu wake wa plastiki umevaa soksi nyekundu.
Anauliza habari za mnyororo, za oili,
anacheka na wenye makoti ya ngozi
kana kwamba hakuna anayemdai mwenzake.

Helmeti inapitishwa, imepinduliwa kama bakuli,
ya kununulia watoto wa wodi miguu.
Noti, sarafu, hata kifungo cha shati.
Inafika kwa Mama.
Anafungua fundo la leso, polepole,
anatoa mia tano, anarudisha mia moja,
kisha hiyo nayo anaitumbukiza.

Halafu anainuka.
Anaiendea pikipiki ya bwana mmoja wa Kitengela,
analiwekea tangi kiganja
kama apimaye homa ya mtoto.

"Bado lina joto," anasema,
hamwambii yeyote.

Mutheu ananivuta sketi: Nyanya anafanya nini?
Sijui, mwanangu.
Ulikuwa umefika ngapi?