Mto Uliolala Chali, Mvumi

Mwezi wa kumi mto wetu hauna maji, una nyayo.
Nyemo huzisoma kabla jua halijapanda:
hapa digidigi, kwato kama nusu mbili za karanga;
hapa nyoka, ameandika herufi moja tu na hakuimaliza;
hapa fisi, mguu wa nyuma unaburuzika,
yule yule wa juzi, bado hajapona.

Tunachimba.
Futi ya kwanza mchanga ni wa moto, unakimbia vidole.
Ya pili una ubaridi wa ndani ya mtungi.
Ya tatu, shimo linaanza kutoka jasho:
maji ya masika, yamejificha jua lisiyaone.
Nyani wanalijua hili bila koleo.
Shimo lao liko kule kwenye kona,
dogo, la duara, safi kuliko letu.

Ukitaka kujua mchanga ulikotoka, inua macho.
Lile jabali lenye mgongo mwekundu,
pimbi wamelala juu yake kama mikate iliyosahaulika.
Mchana jiwe linatanuka, usiku linasinyaa,
miaka elfu, na elfu zisizo na mtu wa kuzihesabu,
hadi linavua ganda, kama kitunguu.
Ganda huwa kokoto, kokoto huwa chenga,
mvua inabeba.
Punje za waridi zimelegea njiani, zimekuwa tope huko mbugani.
Nyeupe zimekataa.
Hizo ndizo zinazokwaruza meno ukila ugali hapa,
hizo na ulanga, unaometa kwenye nywele za Nyemo
kama anakwenda harusini.

Saa nne lori la Chilongani linashuka, linapiga honi bure,
maana hakuna wa kumpisha ila kenge.
Tunajaza. Tani saba, elfu kumi na tano, tugawane wanne.
Mchanga unakwenda Dodoma, kwenye ghorofa.
Utatiwa saruji, utamwagiwa maji,
na baada ya safari yote ile
utarudi kuwa jiwe,
lililonyooka, lenye madirisha, lisilo na pimbi hata mmoja.
Juzi nge alipanda nao. Hakulipa nauli.

Jioni nashika koleo nifukie shimo, ng'ombe wasivunjike miguu.
Nyemo ananizuia mkono.
"Liache. Lao limekauka."
Anaweka matawi ya mgunga upande wa njia ya ng'ombe,
upande wa nyani anaacha wazi,
halafu anausawazisha mchanga kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayefungua daftari ukurasa mpya.