Herufi za Mwaloni

Mafuru alikuja Mwaloni na mtumbwi mpya wa mvule,
haujaonja maji,
akaniambia: Niandikie neno la Kiingereza,
liwe refu, liwe na cheo,
lipite la Bugingo.

La Bugingo niliandika mimi mwenyewe mwezi wa tatu:
MAJESTIC, kwa rangi ya dhahabu,
na tangu siku hiyo Bugingo hushuka majini
kama anayeshuka ngazi za ikulu,
suruali imekunjwa magotini,
magamba ya sato yamemganda kisogoni.

Maneno makubwa kwetu hayakosekani.
Ntemi lipo. Mtukufu lipo, limechoka na risala.
Mheshimiwa limekalia viti vya mbele
hadi limeota kitambi.
Lakini Kiswahili, anasema Mafuru,
mama yangu anakielewa,
na neno likieleweka linashuka bei.

Nikatoa kamusi ya marehemu kaka.
Panya waliila kuanzia S hadi mwisho,
ndiyo maana mitumbwi yangu yote
vyeo vyake vinaishia R.
Hakuna SUPREME Kirumba hii.

GRAND, kuna basi.
NOBLE, kuna duka la dawa.
Tukarudi nyuma, kidole chake kikasimama kwenye E:
EMINENT.
Mtu wa daraja la juu, aonekanaye toka mbali.
Hilo, akasema. Kama Jiwe la Bismarck.

Nikaandika alfajiri, kamusi nimeiacha nyumbani,
neno nimelibeba kichwani kama ndoo bila kata;
likamwagika njiani.
IMMINENT, nikaandika.
Nyekundu, kivuli cheupe, mkono haukutetemeka.

Siku tisa mtumbwi ulivua na jina lake.
Ya kumi, Mwalimu Kokushubira akaja kununua dagaa,
akasoma, akacheka hadi akashika kiuno.
Hili si la cheo, akasema.
Ni la kitu ambacho hakijafika
ila kipo mlangoni, kinataka kubisha hodi.

Mafuru hakucheka.
Alidai elfu ishirini na tano zake
mbele ya wachuuzi, mbele ya Bugingo.
Nikaloweka tambara kwenye tapentaini.

Nyanjige, mkewe, alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anachambua mchanga kwenye dagaa.
Hakuinua uso.
Acheni, akasema.
Miaka kumi na minne nakaa hapa usiku
nahesabu taa zinazorudi.
Sijawahi kumngoja mtukufu.
Upepo ukigeuka kule Ukerewe
siulizi cheo chake.
Nauliza hilo hilo mlilolikosea.

Kisha akapuliza mchanga viganjani
na kuendelea kuchambua.

Tambara likanikaukia mkononi.
Mafuru akalipa nusu.
Nusu nyingine, anasema, iko njiani.

Juzi usiku, taa zikiwa mbali,
Bugingo alinijia peke yake, viatu mkononi,
akanong'ona: Lile langu lifute.
Nitafutie jingine kama lile,
fupi tu, ambalo mke wangu
anaweza kulisema gizani.

Nimepekua toka A.
Nimefika R, sijaliona.
Labda walikula panya.