Uzi wa Nailoni

"Fumba macho. Ukihisi, sema ndiyo."

Ndiyo, kidole gumba.
Ndiyo, uvungu wa unyayo,
palipo laini kama ndani ya ganda la ndizi.
Kisha kimya.
Feni inakwaruza.
"Bado hujagusa?"
"Mara tatu," anasema nesi Anansia, anaandika.

Kisigino changu kimelelewa na mawe ya Kibosho,
mteremko wa kahawa, umande wa alfajiri.
Hakibabaishwi na uzi.

Mimi ni mtu mzima, tena mzima,
ndiyo maana nimeitwa huku Moshi:
wajue mguu usioumwa unasikia kiasi gani.

Mama alirudi kutoka soko la Mbuyuni
na msumari ndani ya kandambili,
akauliza damu ile sakafuni ni ya nani.

"Hapo kisiginoni," namwambia nesi,
"gusa tena."