Kitabu cha Wageni

Mimi ndiye mkata tiketi.
Meza yangu ina mguu mmoja mfupi, nimeutegea kipande cha tofali.
Juu yake muhuri, stakabadhi, kalamu iliyofungwa kamba isiibwe,
na kitabu cha wageni chenye safu nne:
Tarehe. Jina. Utokako. Maoni.

Humu nimepokea Ubelgiji, nimepokea Korea,
na bwana mmoja wa Norwei aliyelia mbele ya mlango wa nakshi
(sikumuuliza).
Miaka sita. Na katika miaka sita
safu ya tatu haijaandikwa Kwihara.

Na Kwihara ni hapa!
Kwihara ni jogoo anayeparua nyuma ya choo chetu.
Kwihara ni Nyamizi, hatua mia mbili kutoka langoni,
apitaye kila asubuhi na ungo wa karanga kichwani,
kichanga mgongoni, Milembe mkononi,
na kila asubuhi Milembe hukaza miguu kama mbuzi wa mnadani:
"Mama, mle mna nini?"
"Mna wageni. Twende."

Siku hiyo hakusema twende.
Alitua ungo, akausoma ubao wetu, neno kwa neno,
kama asomaye dawa ya mtoto:
MTU MZIMA, ELFU MBILI.
MTOTO CHINI YA MIAKA MITANO, BURE.
"Vizuri," akasema. "Huyu ana minne, aingie.
Huyu ana miezi saba, naye aingie.
Mimi nitakaa hapa nje.
Akilia utamnyonyesha wewe?"

Nilicheka.
Usiku kile kicheko kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.
Elfu mbili ni kilo ya sembe.

Nikamwandikia mkuu wangu. Kimya.
Nikaandika tena: *suala lako linashughulikiwa*.
Barua ya tatu sikuiandika.
Nilichukua rangi iliyobaki kwenye mlango wa choo,
nikapanda kwenye kiti, nikaongeza chini ya BURE:
NA ALIYEMBEBA.

Walikuja Jumanne, miguu imesuguliwa hadi visigino vinang'aa.
Milembe akasimama mbele ya mtungi:
"Wa bibi huu."
"Wa bibi una ufa."
"Na huu una ufa, mama. Tazama."
Kichanga kikaangua kilio katika chumba cha ramani,
kilio kikapanda hadi kwenye boriti, popo wakajigeuza,
na Nyamizi akaketi kizingitini, akampa ziwa,
mkono wake mwingine ukipapasa ukuta.
"Aliyekandika hapa alikuwa mashoto," akasema.
Hakusema ni nani.
Alirudia kupapasa mara mbili, tatu,
vidole vyake vikifuata mifereji ya vidole vingine.

Mezani akaishika kalamu kama mwiko.
Jina akaandika. Kwenye Utokako akasita.
"Niandike nini?"
Nikanyamaza, maana si kazi yangu kujibu hilo.
Akaandika: *Hapa.*

Maoni yaliandikwa na Milembe:
duara kubwa lililovuka mstari,
na ndani yake ufa.

Mkuu anakuja Ijumaa. Maelezo sijayapata.
Ila jana nilijaribu kuikwangua ile rangi kwa ukucha,
kidogo tu, pembeni, nione.
Imeshika.