Sifuri Ina Nukta Tatu

Bukuru alitangulia, mimi nikafuata,
ndiyo maana naitwa Butoyi.
Majina yetu yote yanaanza na B,
na B, kwa nukta nundu, ni nukta mbili,
moja juu ya mwenzake,
kama tulivyolala tumboni.
Hayo alitufundisha Mwalimu Ndabhona,
darasa la pili, Heru Juu,
siku mvua ilipogonga bati hata sauti isisikike.
Alimshika pacha wangu kidole: soma.
Akasoma.
Sisi wenye macho tukangoja mvua ikatike.

"Tanguliza alama ya namba," akasema,
"B ileile inakuwa mbili."
Bukuru alicheka hadi akapaliwa.
Mbili! Si ndio sisi!

Serikali ilimsomesha, tusiisingizie.
Miaka miwili Arusha: nauli, ada, wali na maharage.
Alirudi na mashine nzito kama kinu
na cheti alichokizungushia nailoni.
Karatasi ngumu hazikuja.
Tukaomba kalenda kuukuu maduka ya Kasulu,
akaandika hadithi migongoni mwake,
na ng'ombe wa mwezi Machi
wakaota nundu ya pili.

Tulianza watoto watano. Tukafika kumi na wanne.
Wakamwongezea na hesabu za darasa la tano,
maana walimu hawatoshi.
Posho yake ya kazi maalumu ilikuwa kwenye waraka.
Waraka ulifika.

Mwaka wa nne shule moja ya Mwanza ikamwita:
nyumba, umeme, karatasi ngumu kwa maboksi.
Mama alimpelekea mawese chupa mbili,
basi likaondoka saa kumi na moja, giza bado.
Sikumlaumu.
Baadaye nilimlaumu sana, kisha nikachoka.

Mashine ikafungiwa stoo, pamoja na jezi na majembe.
Walipelekwa chuoni walimu wengine wawili:
mmoja hakurudi,
mwingine alirudi, akapewa meza ya takwimu.

Wajua, ukiandika nukta nundu kwa mkono
unatoboa kinyume, kulia kwenda kushoto,
halafu unageuza karatasi, maneno yanasimama.
Halmashauri yetu nayo huandika kinyume.
Ila haigeuzi.

Mwezi wa sita bajeti ilibandikwa nje ya ofisi ya kata.
Nilikuwa natoka kibandani, mikono ina grisi,
Bukuru akaniambia: nipeleke nikaiguse.
Akaipapasa toka juu hadi chini.
"Tupu," akasema.
Si tupu, bwana. Kuna kalavati. Kuna dizeli.
Kuna viti vya wageni.
"Na sisi?"
Nikashuka na kidole hadi ukurasa wa pili:
*Elimu maalumu, kusomesha walimu na kuwabakiza.*
Nikanyamaza.
"Soma, Butoyi."

Nikachomoa pini, nikageuza karatasi,
nikatoa spoku niliyoinoa kwa ajili yake,
nikatoboa.
Mlinzi aliniita mwendawazimu, sawa.
Bukuru akaweka kidole pale,
akakitoa, akakirudisha.
Alama ya namba, kisha nukta tatu.
"Sifuri," akasema. "Nukta tatu.
Inatuzidi moja."

Usiku ule aliandika barua, kurasa kumi na moja,
kalenda nzima na jalada lake.
Sijui ameandika nini, alinikataza kuisoma,
na mimi nasoma polepole, kwa macho, kama mwizi.
Niliifikisha masjala kwa baiskeli.
Yule dada akaipindua, akaitazama ng'ombe,
akagonga muhuri IMEPOKELEWA
juu ya mstari wa kwanza, nukta zikalala.

Juzi simu imepigwa kibandani kwangu.
Mkurugenzi anataka kujua kilichoandikwa.
Wameuliza wilaya, wameuliza mkoa,
kama yupo mtu wa kuwasomea.

Nimewapa namba ya Mwanza.