Jibu kwa Mwenye Nyumba

Mzee Rwegoshora, salamu zako zimefika,
na swali pia, ulilompa msoma mita za maji:
viatu jozi thelathini mlangoni kwangu
kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni vya nini?
Umeambiwa nimefungua kanisa.
Mwingine kakwambia ni kilabu cha gongo.
Mzee, kwenye gongo kuna kelele, kanisani zaidi.
Sisi, ukitaka kutusikia, uje, ukae, unyamaze.

Ni hivi. Sebule yako ya Igogo ina ukuta mmoja
ambao si ukuta, ni jiwe. Fundi alishindwa kulipasua
akajengea hapo hapo, akalipaka chokaa.
Miaka sita nililichukia: kabati haliegemei,
masika likitoka jasho kama mwenye homa.
Mpaka Lugoye wa Ukerewe alipokuja kulipa deni la dagaa
na nanga yake ndani ya mfuko wa mbolea.
Akaketi, mgongo kwenye jiwe,
akagusa uzi mmoja tu, akilinganisha
(nyuzi ni mshipi wa sangara;
siku hizi utumbo wa ng'ombe anao nani?)
jiwe likaitika.
Sisemi mwangwi. Mwangwi huchelewa.
Hili lilijibu kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.

Deni sikulidai tena.

Mwezi uliofuata tulikuwa kumi na mmoja,
wanne walifuata pilau.
Sasa tumejifunza. Kochi linalala nje,
mikeka inaingia, ndoo zinageuzwa viti,
simu zote ndani ya sufuria ya shughuli, kifuniko juu.
Siku moja sufuria iliita katikati ya wimbo
na Nyamizi, marimba mapajani,
akaifuata milio ile kwa vidole gumba
mpaka mwenye simu akacheka, kisha akalia,
na hatukumuuliza nani alikuwa anapiga.

Friji nalizima. Hilo hulijui:
friji lako huvuma chini kidogo ya gitaa la Sospeter,
wakawa wanagombana usiku kucha.
Barafu zangu za biashara zinayeyuka.
Nahesabu hasara, nalizima.

Kapu linapita. Sichukui hata ya mkaa.
Kuna wa elfu kumi, kuna wa limau tatu,
kuna mmoja hutia kifungo cha shati,
namjua, nanyamaza,
masikio nayo hushikwa na njaa.

Mwezi wa nne ziwa lilichafuka, Lugoye hakuvuka.
Watu walikwisha kuvua viatu.
Nikazima friji hivyo hivyo, nisijue la kusema.
Tukakaa. Tukasikia bomba likidondoka,
mbuzi wa jirani, tumbo la mtu.
Ndipo kule jikoni Nkwimba, anayeosha vikombe
na hajawahi kuketi mkekani,
akaanza, chini chini, wimbo wa kutwanga uwele,
kijiko kikimpa mchi, sinia kikimpa kinu.
Hakujua kama tunamsikia.
Hakujua hata kama ule ni wimbo; alidhani ni kazi.
Hakuna aliyegeuza shingo, asije akatishika.
Kapu lilipomfikia akalirudisha:
"Nilipwe kwa kutwanga, na unga uko wapi?"

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikuwa najua naumwa.

Kodi yako ni hii, miezi mitatu, ihesabu;
haina hata senti ya kapu.
Lakini umesema Juni utaleta fundi
alifunike jiwe kwa vigae, nyumba ipande bei.
Nakuomba, mzee. Usimtume fundi.
Njoo wewe. Viatu viwe jozi thelathini na moja,
simu kwenye sufuria.
Ndoo ya bluu ina ufa;
kalia nyekundu.