Pua Kwanza

Mwanjelwa, nyuma ya wauza vyuma chakavu,
Ambakisye alinipangia mapipa matatu
kama ng'ombe wa mahari.
Nikauliza bei. Akatikisa kichwa:
Bei baadaye, mzee. Ingiza pua kwanza.

La kwanza lilinuka rangi ya mafuta.
La pili dawa ya viazi, ile ya ukungu,
inayokaa kooni hata ukipiga chafya mara saba.
La tatu, nikainama mpaka kofia ikadondoka ndani,
la tatu lilinuka alizeti, na kutu kidogo,
na kofia yangu.
Hilo, nikasema.

Akalikata mlango chini, wa kuingizia moto,
akatoboa matundu ya hewa, unene wa kidole gumba,
akapitisha nondo mbili za kubeba wavu,
na juu bomba, lenye kifuniko
kinachozungushwa kwa msumari.
Akalichoma tupu kutwa nzima
mpaka alizeti ikasahau shamba lake.
Tukalipakia kwenye guta hadi Isanga.

Mara ya kwanza niliharibu.
Sifichi, mtaa mzima unajua.
Niliwasha mabaki ya paini kutoka Mafinga;
yanashika kwa njiti moja, nani angekataa?
Moshi ukatoka mweupe, mzito, kama blanketi lililolowa.
Bupe akaonja mbavu, akatemea kiganjani:
Umepika mlango.
Mbwa naye alinusa, akaenda kulala.

Nikajifunza polepole, kwa kuungua.
Tawi la mpera lililokatwa Machi, likakauka hadi Julai.
Mparachichi, ukikosa mpera.
Mlingoti usithubutu.
Chumvi tangu jana yake, na tangawizi, basi.
Nyama ikauke juu kwanza, inate vidoleni.
Makaa yawe machache, yenye haya;
kuni ifuke, isiwake.
Ukiona moshi mweupe, kuna mahali umekosea.
Ule wenyewe ni mwembamba, wa samawati,
huuoni mpaka ukuta wa jirani uanze kutetemeka nyuma yake.
Na usifunue!
Kila ukichungulia umeongeza nusu saa,
na Julai ya Mbeya haina huruma kwa pipa lililo wazi.

Ijumaa ile, saa kumi na moja alfajiri,
nilikuwa nje na koti langu la reli,
vifungo viwili vimebaki.
Ukungu ulishuka kutoka Loleza
ukakutana na moshi wangu juu ya bati,
ikawa vigumu kujua upi ni upi.
Nilikalia ndoo. Sikuwaza lolote la maana.
Miaka thelathini nimesubiri treni zilizochelewa.
Pipa halichelewi. Lina saa yake tu,
na halikuambii.

Saa nane mchana paja la nguruwe
lilikuwa na rangi ya kiatu kipya,
mfupa ukachomoka bila ugomvi.
Bupe alikula amesimama.
Hakutaja mlango.

Ndipo mama Tusekile akafika getini,
sweta la mwanawe mkononi, limetoka kwenye kamba.
Nusa, akasema.
Nikanusa.
Sisi Wasabato, mzee. Kesho mtoto atakwenda ibadani
ananukia dhambi yako.
Nikaomba radhi, kwa dhati, mikono nyuma.
Hakuondoka.
Akalitazama pipa. Akalitazama sweta.
Akashusha sauti:
Na ng'ombe je? Naye hutoka hivi hivi?
Hutoka vizuri zaidi, nikasema,
ingawa sikuwahi kujaribu.
Ila si humo, akasema. Humo hapana.

Jumatatu nikarudi Mwanjelwa.
Ambakisye aliniona tangu mbali, akaanza kucheka,
akaviringisha nje mapipa manne safari hii.
Nikavua kofia,
nikampa aishike.